Nakala ya Saa Kumi na Nusu

Mikocheni,
Jumanne, 28 Aprili 1998.

Kwako Shemeji Mwanaasha,

Salaam nyingi, na pole tena kwa kuondokewa na mumeo, Braza Suhaib. Nimeona niandike kwa sababu najua uko eda na hupaswi kuonana na mwanamume wa kando, na hata kama ungeruhusiwa sijui ningekaa upande gani wa nyumba yenu nikatulia. Barua hii anakuletea wifi yako Tabu. Nilimngoja nje ya kiwanda chao cha nyuzi hapa Mikocheni, akanitazama kama mtu anayetaka kumposa, lakini ameichukua.

Najua msibani niliwakwaza. Sisi watu wa kusini ni watani zenu, na kazi ya mtani matangani ni kumwigiza marehemu mpaka wafiwa wacheke. Nilikaa mkekani kama gogo. Mdomo ulikataa, shemeji.

Nina ombi. Hapa ofisini tuna mashine inaitwa ruta, sijui kama marehemu aliwahi kukueleza. Ni boksi tu, unaweza kulibeba kwapani, lakini ndilo linalopokea barua za kompyuta za wateja wetu wote na kuzielekeza, kama karani wa posta anavyopanga barua kwenye visanduku. Ndani yake kuna orodha ya amri, laini hii iende huku, ile iende kule, nayo tunaiita mpangilio. Umeme ukikatika vibaya, ruta inaweza kuamka imesahau yote. Ndiyo maana nakala ya mpangilio huwekwa kwenye kompyuta ya pembeni, ili ikisahau irudishiwe. Siku ile ya tarehe 9 Machi, aliyokufa Braza, iliamka imesahau, na nakala haikuwepo. Tumeijenga upya kwa kukumbukakumbuka, na laini ya hospitali ya wazazi inakatika kila siku. Naambiwa Braza alikuwa na disketi zake huko Bunju. Naomba moja tu, ya karibuni kabisa.

Kuna na jambo jingine. Ruta huandika kila mashine inayoigusa na saa iliyoigusa. Tangu wiki aliyozikwa, kila alasiri saa kumi na nusu, kuna mashine inakuja kuomba nakala ya mpangilio, inapewa, inaondoka. Namba yake ni ya mashine iliyo chumbani kwa Braza, hapo kwenu, inayopita kwenye ile antena aliyoisimamisha juu ya paa. Sijamwambia mtu. Je, kuna anayeingia chumba kile?

Ni mimi shemeji yako,
Kornelio


Bunju,
Jumapili, 3 Mei 1998.

Shemeji Kornelio,

Salaam zako zimefika. Sisi wazima, ila mama mkwe anakohoa kwa unyevu. Mvua za mwaka huu zimeingia mpaka kwenye magodoro.

Ahsante kwa kunieleza ruta. Mimi mwanamke wa ndani, nilikuwa najua kupanga vikombe kabatini tu, sasa nimemjua na karani wa posta.

Kuhusu disketi, mali ya marehemu haijagawiwa, na Baba Mdogo Hija amesema kisiguswe kitu mpaka nitoke eda. Chumba kimefungwa. Ufunguo uko kwenye fundo la kanga ya mama mkwe, na fundo lile halifunguki kwa kuombwa na mtu wa njiani. Lakini saa uliyoitaja imenishtua. Saa kumi na nusu ndiyo Suhaib alikuwa akifunga kazi. Aliniita kila siku kwenye redio ya kuitana ya kazini kwenu, maneno yale yale: "Mwanaasha, nipo njiani." Nikiyasikia nateleka wali.

Nami nina swali. Msikitini watu wanasema bosi wenu Revelian ameandika ripoti kwamba Suhaib hakuacha nakala ofisini, na kwamba alikufa akikimbilia kosa lake mwenyewe. Baba Mdogo alirudi na maneno hayo siku hiyo akashindwa kula. Mume wangu alikuwa mtu wa kufunga kopo la chumvi mara mbili. Asubuhi ile zamu ulikuwa nayo wewe peke yako. Nakala ilikwenda wapi?

Wako,
Mwanaasha


Mikocheni,
Jumatano, 20 Mei 1998.

Shemeji,

Nimechelewa kujibu, kazi zimenizidi. Umeuliza nakala ilikwenda wapi. Mambo ya mashine ni mapana, shemeji. Umeme ulirudi kwa kishindo, kila kitu kikachanganyikiwa, na ripoti aliandika Revelian kwa mkono wake, mimi sikuulizwa sana. Nisingependa ulale na jambo hilo kichwani.

Lakini nisikilize hili. Ijumaa iliyopita, saa ya sala, wenzangu wengi walikuwa msikitini na ofisini tulibaki mimi na Anjelina wa mapokezi. Nikaitazama ruta nikakuta laini ya hospitali imenyooshwa. Amri tuliyoikosea imefutwa na iliyo sahihi imeandikwa mahali pake. Na pale tunapoandika jina la laini pamejazwa: HOSPITALI, HAWA HAWALALI NA WEWE USILALE. Laini ya gazeti: WAANDISHI, WANALALAMIKA HATA IKIFANYA KAZI.

Hayo majina ni ya Braza. Yeye ndiye aliyekuwa akizitania laini kama watoto wake. Tulipojenga upya tuliandika laini ya kwanza, ya pili, ya tatu, basi. Hapa hakuna aliyeyakumbuka maneno yale, hata mimi nilikuwa nimeyasahau mpaka nilipoyasoma. Nywele zilinisimama mchana kweupe. Nikazima skrini nikaenda kukaa mapokezi, Anjelina akaniuliza, "Kornelio, mbona umepauka hivyo, umekula kweli wewe?" Nikamwambia ni homa.

Naogopa, na sina wa kumwambia ila wewe. Una hakika chumba kimefungwa?

Kornelio


Bunju,
Jumatatu, 25 Mei 1998.

Shemeji Kornelio,

Chumba kimefungwa. Ukitaka, nitamwomba mama mkwe akuapie.

Naona hutasikia la mtu mpaka uipate disketi yako. Nimezungumza na mama, tumeitoa moja, Baba Mdogo asijue. Imeandikwa kwa mkono wa Suhaib: Jumamosi, 7 Machi. Siku mbili kabla ya kufa kwake. Imo kwenye nailoni, na Tabu ameificha kati ya vitenge vyake. Irudishie mashine yako akili yake, wajawazito wa watu wasipate tabu tena.

Lakini elewa kwamba disketi hii ni shahidi. Kama kuna nakala ya tarehe 7, basi Suhaib hakuwa mtu wa kuacha kazi bila nakala. Revelian akikuuliza umeipata wapi, mwambie ukweli, na umwombe airekebishe ripoti. Sitaki jingine kwako. Natoka eda tarehe 15 Julai. Siku hiyo watu watajaa hapa barazani, na sitaki nivue nguo hizi za eda nikaingia kwenye jina la mjane wa mzembe. Nina miaka ishirini na tisa, nitaitwa jina hilo muda mrefu.

Mwanaasha


Mikocheni,
Jumatano, 17 Juni 1998.

Shemeji yangu Mwanaasha,

Disketi ilifika. Tarehe 1 Juni niliirudishia ruta mpangilio wake na laini zote zikasimama, si ya hospitali peke yake. Revelian amefurahi. Habari ya ripoti sijapata nafasi nzuri ya kumweleza, ni mtu wa kusafiri sana.

Sasa nikwambie kilichofuata. Mtu akiingia kwenye ruta, kabla ya kuulizwa neno la siri, husalimiwa kwa maneno machache aliyoyaweka mwenye mashine. Ya Braza yalikuwa KARIBU. GUSA UNACHOKIJUA. Siku niliyorudisha mpangilio yalikuwa hayo hayo. Tarehe 4 umeme ulikatika asubuhi, ukarudi saa sita mchana. Nilipoingia nikasoma: KARIBU. NIPO NJIANI.

Nikafuta. Nikaandika salamu ya kawaida, nikaihifadhi, nikaizima ruta kwa mkono wangu na kuiwasha tena. Hayamo. Nikala chakula cha mchana vizuri. Tarehe 9, umeme ukakatika tena, na uliporudi: NIMEVUKA MTO.

Shemeji, Braza hakuvuka mto. Pikipiki ilikutwa upande wa Bunju, ukingoni, na yeye mwenyewe tulimpata chini huko baada ya maji kupungua. Nilikuwepo, nilishika mguu wake. Nikafuta tena, nikahifadhi tena.

Juzi Jumatatu: NIPO MWENGE.

Wewe unajua umbali wa kutoka Mwenge mpaka hapa. Kwa pikipiki hata sigara haiishi. Sasa kila siku naomba umeme usikatike. Jana taa zilififia kidogo tu, nikajikuta nimesimama nje barabarani na kalamu mkononi. Niambie kama kuna mtu mwingine anayeyajua maneno yale ya redioni. Niambie kama unanichezea, sitakasirika.

Kornelio


Bunju,
Jumapili, 21 Juni 1998.

Kornelio,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimetafuta mahali ulipomwambia Revelian habari ya disketi. Sijapaona. Badala yake Tabu ameniletea habari, kazipata kwa Anjelina, kwamba ofisini kwenu mlinunuliwa soda na keki kwa sababu Kornelio ameijenga ruta upya kwa kichwa chake mwenyewe. Uliinywa soda hiyo?

Mama mkwe anasema njia ya mwongo ni fupi. Mimi naiona ndefu sana, imetoka Machi na bado inakwenda.

Hayo maneno ya mlangoni siyajui. Na kama kweli ni Suhaib anakuja, mfungulie. Alikuwa rafiki yako, alikuwa akitoka hapa na chapati zangu ili ule wewe. Kwa nini umwogope? Mimi nalala kitandani kwake peke yangu na kila siku naomba aje, hata kwa kunigombeza tu, na haji. Anakuja kwako. Nimekuonea wivu, na nimejionea aibu kwa wivu huo.

Zimebaki siku ishirini na nne.

Mwanaasha


Mikocheni,
Jumamosi, 4 Julai 1998.

Shemeji,

Jana umeme ulikatika saa nne asubuhi. Niliufunga mlango wa chumba cha mashine nikakaa ndani kuusubiri, nikasema liwalo na liwe. Ukarudi baada ya saa nzima. Nikaingia kwenye ruta. Salamu ilikuwa neno moja, NIMEFIKA. Nilipogeuka, mlango ulikuwa wazi, na sakafu kuanzia mlangoni mpaka kwenye kiti changu ilikuwa na maji. Anjelina anasema kiyoyozi huvuja umeme ukirudi, na mlango ule kitasa chake kibovu. Inawezekana. Nimekaa hapa miaka miwili na sijawahi kuona kikivuja mpaka kwenye kiti.

Basi niseme. Nakala ilikuwepo. Braza aliiweka, nzima, ya Jumamosi, kwenye kompyuta ya pembeni kama alivyokuwa akifanya siku zote. Ruta ilipoamka tupu, kazi yangu ilikuwa ndogo, kunakili kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye ruta. Mashine inakuuliza mambo mawili, kutoka wapi, kwenda wapi. Nilijibu kinyume. Nikauchukua utupu wa ruta nikaumwaga juu ya nakala nzima. Haikuchukua hata muda wa kukohoa. Braza alikuwa amenionya kabla, "Dogo, soma kwanza ndo ubonyeze, hii kitu haiulizagi mara mbili." Nilikuwa na haraka, simu ya hospitali ilikuwa inalia.

Ndipo nikamwita redioni, akaja, na mto ukamchukua. Revelian alipouliza habari ya nakala nikasema sikuikuta. Mengine aliyaandika yeye, nami nikanyamaza. Na soda niliinywa.

Nina mama Masasi anayenitegemea mimi tu. Silisemi hilo nisamehewe, nalisema ujue nilichokuwa nakiogopa.

Kornelio


Bunju,
Jumatano, 8 Julai 1998.

Kornelio,

Umenieleza nusu, na nusu hiyo nilikuwa nayo. Sasa nisikilize na mimi, maana nami nimekuongopea.

Chumba hufungwa, kweli, lakini kilikuwa kikifunguliwa kila alasiri. Mama mkwe alifungua fundo lake, akakaa kwenye kigoda, nami nikakaa mbele ya mashine. Kwa miaka miwili nakala ya saa kumi na nusu nimeichukua mimi. Suhaib alinifundisha. Akisema redioni yupo njiani, mimi naweka disketi ya siku hiyo, nabonyeza, nangoja, naitoa. Alikuwa akiandika tarehe za wiki nzima kwenye disketi kila Jumapili na kunipangia. Kabati la ofisi yenu hakuliamini. Wewe ukanifundisha ruta kwa karani wa posta, nikacheka mpaka mama akadhani nimerukwa na akili.

Alipozikwa sikuweza kuacha. Kila siku nilijiambia nikiacha leo ndiyo nimekubali harudi. Betri ya mashine Tabu alikuwa akienda kuichajisha kwenye mashine ya kusaga. Laini ya hospitali nimeinyoosha mimi kwa kufuata amri za kwenye disketi, na yale majina nimeyarudisha mimi, nayajua kama majina ya wanangu ambao hatukuwapata. Nilitaka uogope kidogo, useme.

Disketi niliyokutumia ndiyo aliyokuwa nayo siku ile. Waliomwosha waliitoa kwenye mfuko wa shati, ndani ya nailoni, maji hayakuingia.

Lakini salamu ya mlangoni si mimi, Kornelio. Wallahi si mimi. Hakunifundisha hata inavyobadilishwa. Na nikwambie zaidi, tangu ulipoandika kwamba ruta imepona, sijachukua nakala tena. Betri imekufa, nimeifunika kitambaa. Nitazamie huko kwenu: saa kumi na nusu, bado kuna anayeomba?

Sasa ile nusu nyingine. Asubuhi ile nilikuwa nimekaa karibu ya redio namenya mihogo. Nilisikia kila neno. Suhaib alikuuliza, "Ruta imesahau au imeungua?" Ukamjibu, "Imeungua braza, stabilaiza ya umeme imepiga shoti imeondoka nayo, panafuka moshi huku." Wiki ya mazishi nilipochukua nakala, ruta iliyonijibu ilikuwa ile ile na namba zake zile zile. Hakukuwa na moshi wowote. Kama ungesema imesahau, umekosea, umefuta, angekusomea amri moja moja redioni kutoka kwenye kiti chake, na chai mkononi. Neno lililomtoa nyumbani kwenye mvua ile si kosa lako. Ni uongo wako.

Kunakili kinyume ningekusamehe siku hiyo hiyo. Hilo la moshi liandike, liandike kwa Revelian, na uweke sahihi. Zimebaki siku saba.

Mwanaasha


S.L.P. ya Kampuni,
Mikocheni, Dar es Salaam.
13 Julai 1998.

Ndugu Meneja Revelian,

YAH: KUSAHIHISHA RIPOTI YA TAREHE 9 MACHI 1998

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ripoti yako inasema marehemu Suhaib hakuacha nakala ya mpangilio wa ruta. Hiyo si kweli, na aliyekufanya uamini hivyo ni mimi. Nakala ilikuwepo. Niliifuta kwa kunakili kinyume, kutoka kwenye ruta iliyokuwa tupu kwenda kwenye kompyuta. Mpangilio unaotumika leo sikuujenga kwa kichwa changu, umetoka kwenye disketi aliyokuwa nayo marehemu mfukoni siku aliyokufa.

Pia, nilimwambia marehemu kwa redio kwamba stabilaiza na ruta vimeungua. Havikuungua. Nilisema hivyo kwa sababu nilijua unasikiliza redio ukiwa kwenye gari, na niliogopa kufukuzwa. Kama ningesema kweli asingesafiri.

Naomba ripoti isahihishwe na isomwe mbele ya wafanyakazi kama ile ya kwanza ilivyosomwa. Nipo tayari kwa hatua yoyote.

Wako mtiifu,
Kornelio

Nakala: Mwanaasha, Bunju.

(Shemeji, hii ya pembeni ni yako peke yako. Nimempa Revelian barua mkononi, akaisoma amesimama, akaenda kufunga mlango wake. Baadaye umeme ulikatika na kurudi, na salamu ilikuwa KARIBU. GUSA UNACHOKIJUA, kama zamani. Uliniuliza kama bado kuna anayeomba saa kumi na nusu. Yupo. Hajakosa hata siku moja, na jana alikuja pia. K.)


Bunju,
Ijumaa, 17 Julai 1998.

Kornelio,

Nimetoka eda juzi. Nimeoga, nimefukizwa udi, nimevaa gauni la rangi na kuliona kama la mtu mwingine. Baada ya sala ya alasiri Baba Mdogo Hija alisimama barazani akasoma barua yako mbele ya wanaume wote. Alipofika pa kusema asingesafiri alimpa mwingine amalizie. Waliokuwa wakimwita mzembe walikuwepo wote, na hakuna aliyeinua uso kutoka kwenye pilau. Jina la Suhaib limerudi kwa mwenyewe. Kwa hilo nakushukuru, na nimekuombea dua.

Nasikia umesimamishwa kazi na wiki ijayo unarudi Masasi. Kabla hujapanda basi, kuna kitu nimekificha mpaka sasa. Nilikificha makusudi, nilitaka useme kweli kwanza bila kukijua.

Ulipomaliza kusema redioni, Suhaib aliizima. Kisha akaniambia, "Mwanaasha, dogo anadanganya. Hamna moshi wala nini. Kafuta nakala huyu, mie naijua sauti yake akiharibu." Nikamwambia basi mwite umsomee amri, usitoke na mvua hii. Akasema haiwezekani, Revelian yuko kwenye gari anasikia, nikianza kusoma tu atajua hakuna kilichoungua na kijana hafiki saa sita ana kazi. "Acha nimuwahi," akasema, "ana mama yake anamtegemea."

Nilimshika mkono wa koti. Akacheka, akautoa taratibu.

Halafu akaingia uvunguni akatoa stabilaiza mbovu, ile nzito ya kutuliza umeme iliyoungua mwaka juzi, akaitia kwenye begi. Nikamuuliza mzigo wote huo wa nini na haufanyi kazi. Akasema ataibadilisha na nzima kabla bosi hajafika, ili Revelian akitaka kuona kilichoungua, akione.

Akalifunga begi mgongoni, mikanda yote miwili. Waliomtoa mtoni wanasema, kama si uzito ule, huenda angeelea.

Mwanaasha